Shingo ya Gitaa na Gundi ya Viatu

Jumatatu, 6 Oktoba

Mchungaji kaniambia, ukishindwa kusali, andika. Nikamwambia mimi niliishia darasa la saba na mwandiko wangu ni wa kuandikia saizi za viatu. Akasema Mungu anasoma kila mwandiko. Basi karibu, daftari. Ulikuwa wa wateja. Kurasa zako kumi za mbele ni soli na visigino, usizijali. Kuanzia hapa ni mimi na wewe.

Mvua imeanza leo saa tisa mchana. Imekuja na upepo ikalowesha ngozi zote nilizokuwa nimeanika. Shemeji alisimama upande wake wa kibaraza, mikono mfukoni, akinitazama ninavyohangaika kuziokota. Hakuinua hata kidole. Moyoni nikamwombea mambo ambayo siwezi kuyaandika siku ya kwanza.

Nikueleze. Shemeji ni kaka wa marehemu mke wangu. Yeye ni seremala, mimi ni fundi viatu. Tunafanya kazi kibaraza kimoja kwa sababu marehemu ndiye aliyetukodishia, alipenda kutuletea chai kwenye sinia moja. Tulimzika mwezi wa sita. Siku ya tatu baada ya mazishi, shemeji akaja nyumbani kudai gitaa la marehemu, eti lilikuwa la baba yao. Tukalivutania sebuleni, likavunjika. Yeye ndiye aliyevuta kwa nguvu. Tangu siku hiyo amechora mstari wa chaki katikati ya kibaraza, huku kwake, huku kwangu.

Mvua ya leo imeufuta. Kabla hajafunga kazi kauchora tena.

Lakini si yeye anayeninyima usingizi. Ni binti yangu, mtoto wetu wa pekee. Gitaa lile alikuwa akilipiga yeye na mama yake kwa zamu. Tangu livunjike hanisemeshi. Ananiwekea chakula, ananifulia mashati, na neno hakuna. Hata mjomba wake binti hamsemeshi, kwa sababu tuliulizwa mbele ya wazee wa kanisa na jibu likawa tumelivunja sote wawili. Sasa amepata kazi ya uuguzi katika mji wa mbali. Anaondoka tarehe 29 Novemba. Akiondoka na huo mdomo uliofungwa, mimi najua hatarudi.

Kifua cha gitaa kilisagika. Shingo ni nzima, pamoja na vifunguo vyake vya kukazia nyuzi. Iko chini ya kitanda changu, nimeiviringisha kwenye shuka.

Jumatano, 8 Oktoba

Mvua. Mstari umefutika, umechorwa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nina kisanduku cha mbao nilichopewa na mwanasheria mmoja mwenye miguu mipana. Kilikuwa na zile sigara nene za matajiri. Ndani naweka misumari ya soli. Leo nimekimwaga kutafuta msumari wa nusu inchi, nikakigonga mgongoni ili vumbi litoke, kikalia. Siyo kugonga tu kama ubao, daftari, kikalia kabisa, kama mtu aliyeitika chumba cha pili.

Nikakigonga tena. Mbele ya kibaraza chetu kuna mama anayeuza mboga, tunamwita Redio kwa kuwa hazimwi. Akauliza, "Fundi, umeanza ngoma?"

Nikamwambia nataka kukitengeneza gitaa, nikipachike shingo ya lile la marehemu.

"Gitaa la boksi la sigara!" akasema. "Litaimba au litakohoa?"

Upande wa pili wa mstari nikasikia shemeji akicheka puani. Hapo ndipo nilipoamua.

Jumamosi, 11 Oktoba

Kutwa nzima nimeshughulikia kisigino cha shingo. Ndivyo kinavyoitwa hasa, kisigino, ile sehemu nene ya chini inayokaa kwenye kifua. Kilikuwa bado kimeng'ang'aniwa na vipande vya kifua cha zamani na gundi ya miaka. Nimekipitisha kwenye mvuke wa birika, nikakikwangua kwa kisu cha ngozi. Taratibu, kama unamvua kiatu mgonjwa. Kipande cha mwisho kilipobanduka niliona mbao safi, nyekundu, nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Binti kapita na ndoo. Kaona birika, kaona shingo. Kapita.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani binti kakaa upande wa wanawake, mstari wa mbele. Wenzake waliimba. Yeye alikuwa ameshika kitabu cha nyimbo wazi na mdomo wake haukufunguka.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimepima. Marehemu alinieleza zamani, nikiwa namsikiliza nusu nusu: kutoka juu kabisa ya shingo mpaka kwenye kile chuma cha kumi na mbili, kati ya vile vyembamba vinavyokatiza shingo, ni nusu ya safari ya uzi. Kutoka hapo mpaka kwenye kijiti kinachobeba nyuzi juu ya kifua ni nusu ya pili. Ukikosea, kila sauti inatoka imepinda. Nimechukua kamba ya kiatu, nimeipima nusu ya kwanza, nimeikunja, nimeihamisha. Imefika juu ya kifuniko cha kisanduku, vidole vitatu kutoka ukingoni. Inatosha, kwa kubanana. Nimetoboa mdomo kwenye ubavu wa kisanduku, kisigino kikaingia kama mguu kwenye kiatu chake.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mvua ya kutwa. Wateja hakuna. Nimekaa na shemeji kibaraza kimoja saa nane bila neno. Alikohoa mara moja. Sikumwambia pole.

Jumamosi, 18 Oktoba

Leo nimeipachika. Gundi yangu ya viatu: unapaka huku, unapaka huku, unangoja mpaka kidole kisinate, ndipo unakutanisha na kupiga nyundo. Haina kurudi nyuma.

Shemeji hasemi na mimi, kwa hiyo akitaka kunitukana anaisemesha randa yake. "Randa yangu," akaanza, "umewahi kuona mtu anabandika shingo ya gitaa kwa gundi ya kandambili?"

Na mimi nikaisemesha nyundo. "Nyundo, gundi hii imebeba askari, imebeba wapagazi, imebeba hata mashemeji wenye matumbo."

"Randa, mwambie kiatu kinakanyagwa, kisha kinavuliwa, kinapumzika. Uzi wa gitaa hauvuliwi. Unavuta kutwa kucha. Apitishe mbao ngumu ndani ya tumbo la hicho kisanduku, mwanzo hadi mwisho, aifunge shingo kwa bolti."

"Nyundo, asante, lakini wewe na mimi hatukuomba ushauri."

Redio akapaza sauti kutoka kwenye mboga zake, "Nyie mnaongea na vyuma. Na mimi je, niongee na nyanya?"

Nikagonga kisigino mara kumi na mbili, kwa nguvu, kila pigo nikilitaja jina la shemeji rohoni. Niliposhika kisanduku nikainua, shingo haikutikisika. Nikamwonyesha kila anayepita. Nilikuwa na furaha mbaya, daftari. Furaha ya kumkomoa mtu.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimeweka nyuzi nne tu, sita zingekiponda kisanduku. Nimekaza kidogo kidogo. Uzi wa kwanza ulipolia nilikaa chini sakafuni. Sauti ni nyembamba, kavu, ya mtu mzima mwenye mafua, lakini ni sauti. Nimelificha kabatini nyuma ya masanduku ya viatu. Nitampa binti wiki moja kabla hajaondoka.

Nimetafakari tena siku ile. Shemeji hakuvuta tu. Aliliachia ghafla. Mtu ukiachia kitu ghafla wakati mwenzako anavuta, kisipoanguka kingefanya nini? Likaanguka, likavunjika. Kwa hiyo ni yeye.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nyuzi zimepanda. Siku nilipoziweka zilikuwa juu ya shingo kiasi cha unene wa ngozi ya bitana, ile nyembamba ya ndani ya kiatu. Leo ngozi ya bitana inapita chini yake na bado kuna nafasi. Labda ni unyevu.

Jumatatu, 27 Oktoba

Ngozi mbili.

Alhamisi, 30 Oktoba

Ngozi tatu. Ukibonyeza uzi kwenye chuma cha tano sauti inatoka imekunja uso. Nimelegeza nyuzi, nimeubana mkunjo wa kisigino kwa kibano cha soli, nimeongeza gundi pembeni. Shemeji alikuwa akinitazama. Hakuisemesha randa. Angeisemesha ningeona afadhali.

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua imeezua bati la jirani. Gitaa limetulia.

Alhamisi, 6 Novemba

Halijatulia. Ngozi moja na nusu.

Jumamosi, 8 Novemba

Ngozi tatu tena. Shingo inainama mbele polepole, kama mzee anayesinzia kwenye ibada. Ukiitazama haiendi. Ukigeuka ukirudi imekwenda. Nimeipigia magoti, nimeiwekea mkono nikaiombea, kama mtu mwenye homa. Usinicheke.

Kuhusu siku ile. Lilianguka sakafuni, hilo ni kweli. Halafu nadhani mguu wangu uliteleza. Kulikuwa na vurugu, sebule ni ndogo.

Alhamisi, 13 Novemba

Leo jua limewaka baada ya wiki nzima. Bati la chumba changu likawa kama kikaango. Nilikuwa nashona kibarazani nilipokumbuka nimesahau uzi wa nta nyumbani, nikarudi. Binti alikuwa amesimama chumbani kwangu, mlango wa kabati wazi. Alikuja kutafuta boksi la kufungashia vitu vyake. Mkononi alikuwa ameshika kisanduku, na shingo ilikuwa inaning'inia kwa nyuzi, imebanduka yote. Gundi ilikuwa imevutika nyuzi nyuzi kama jibini.

Aliniangalia. Miezi mitano sijaangaliwa hivyo.

"Umelivunja tena," akasema.

Nikataka kueleza. Gundi, joto, nyuzi, wiki ngapi nimehangaika. Yeye akaweka kila kitu juu ya kitanda, taratibu, kama anavyolaza mgonjwa, akapita ubavuni mwangu bila kunigusa.

Daftari, nilingojea neno lake tangu mwezi wa sita. Nimepata mawili, na ndiyo hayo.

Ijumaa, 14 Novemba

Siwezi kula.

Jumamosi, 15 Novemba

Leo nimeuvuka mstari. Nilibeba kisanduku mkono mmoja, shingo mkono mwingine, nikasimama mbele ya meza yake ya kazi.

"Shemeji."

Akaendelea kupiga randa.

"Shemeji, naomba msaada wako."

"Unaongea na mimi au na nyundo?"

"Na wewe."

Akaweka randa. Akachukua shingo, akaigeuza, akainusa kisigino. "Umeipaka gundi kama mkate."

"Najua."

"Nilikuambia."

"Uliniambia."

"Rudia, Redio asikie."

"Uliniambia, sikutaka kusikia."

Redio, mara ya kwanza tangu nimjue, alinyamaza.

Shemeji akapima ndani ya kisanduku kwa shubiri. Akasema anao mti mgumu, mguu wa kitanda cha zamani. Ataupitisha ndani kutoka ubavu hadi ubavu, kisigino kitakaa juu yake na bolti mbili zitakishika kutoka chini. Hata nyuzi zivute mpaka mwisho wa dunia, shingo haitabanduka. Nikamuuliza atataka nini. Akasema malipo yangu hayataki.

"Ila halitoki upande wangu mpaka umwambie mtoto."

"Nimwambie nini?"

Akainama karibu, harufu ya maranda na jasho. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniuma. "Usinifanye mjinga, bwana. Mimi nililiachia. Nilisikia linalia kwa kuvutwa, nikaogopa, nikaliachia. Likaanguka sakafuni, zima. Zima kabisa, mimi na wewe tukaliona. Ndipo ukainua mguu."

Nilisimama pale nikihesabu misumari kwenye meza yake.

"Mbona hukusema mbele ya wazee?"

"Nilisema tumelivunja sote. Usidhani nilikuhurumia. Mimi nakuchukia, wewe unajua. Nilitaka nikuone unavyokaa na uongo huo kila Jumapili, umefunga tai, unapokea sadaka mlangoni. Miezi mitano nimekutazama. Unakaa nao vizuri sana."

Sasa nitaandika, maana mwandiko wangu Mungu anausoma na wewe umekwisha kunisikia nikizunguka.

Siku ile alinitukana. Alisema dada yake alikufa akingoja nimalize viatu vya watu. Na ni kweli alishikwa na homa Alhamisi nikampeleka hospitali Jumamosi, kwa sababu nilikuwa na viatu vya shule vya kukabidhi, na yeye mwenyewe akasema, malizia tu, baba, si kitu. Shemeji aliposema vile, gitaa likiwa pale sakafuni limelala chali, niliona likienda nyumbani kwake, likining'inia ukutani kwake, na binti akienda huko kulipiga. Nikasema rohoni, kama halitakuwa langu, basi. Nikainua mguu wa kulia nikakanyaga. Mara mbili. Ya pili ilikuwa ya makusudi kuliko ya kwanza.

Mguu haukuteleza.

Jumapili, 16 Novemba

Sikushika kikapu cha sadaka. Nilisema mgongo unauma. Uongo mwingine, lakini mdogo.

Jumanne, 18 Novemba

Shemeji anafanya kazi nzuri na mdomo mchafu. Amechonga ule mti kwa patasi mpaka umelala ndani ya kisanduku bila kupita hata karatasi. "Ungekuwa unatengeneza viatu namna hii," ananiambia, "watu wasingekuwa wanarudi wakichechemea." Kila akitaka kitu ananinyooshea mkono bila kunitazama. "Kamba yako ile ya kupimia." Nampa. "Siyo hiyo, ile isiyonuka." Nampa.

Alipokaza bolti ya pili aliuma ulimi kama marehemu alivyokuwa akiuma akitunga sindano. Sikuwahi kuona kuwa wanafanana. Nikatazama pembeni. Sikutaka kumpenda hata kwa dakika hiyo moja.

Ijumaa, 21 Novemba

Nyuzi nne zimekazwa tangu jana. Ngozi ya bitana haipiti.

"Umemwambia?" "Bado." "Basi liko hapa." Kalitundika kwenye msumari, juu ya meza yake, upande wake.

Jumamosi, 22 Novemba

"Umemwambia?" "Bado."

Jumatatu, 24 Novemba

Nimemwambia.

Alikuwa anapiga pasi sare zake mpya mezani jikoni, mvua ikipiga dirisha. Nikavuta kiti, nikaona kukaa ni kujipendelea, nikasimama. Nikamwambia yote kama nilivyokuandikia wewe. Mjomba aliliachia. Likaanguka zima. Nikainua mguu. Mara mbili. Na mbele ya wazee nikanyamaza mjomba alipojitwika nusu.

Pasi yake haikusimama. Alimaliza mkono mmoja wa sare, akageuza, akaanza wa pili.

"Ulikuwa umevaa viatu gani?"

Sikutegemea swali hilo. "Vya kahawia."

"Vile unavyovaa kanisani?"

"Ndiyo."

"Alikununulia mama?"

"Hapana. Nilivishona mwenyewe."

"Afadhali," akasema.

Nikangoja. Nilitaka anipigie kelele, anirushie pasi, chochote. Alikunja sare, akaweka nyingine.

"Mjomba nimemnyima salamu miezi mitano," akasema, akiiambia sare. "Ananisalimia njiani mbele za watu, napita kama sikumwona. Kwa nusu isiyo yake."

"Ni kosa langu."

"Najua ni la nani. Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi unanizibia mwanga."

Nikatoka.

Jumanne, 25 Novemba

Asubuhi nimekuta viatu vyangu vya kahawia nje, katikati ya uwanja, mdomo juu, vimejaa maji ya mvua mpaka pomoni. Nimeviacha hapohapo.

Mchana binti alikuja kibarazani. Tangu mazishi hajakanyaga. Alinipita mimi kama kiti, akaenda upande wa pili, akapiga goti kidogo mbele ya mjomba wake. "Shikamoo, mjomba." Shemeji akaitikia, akashika randa, akaiachia, akashika patasi, akaanza kunoa patasi iliyokuwa imenolewa tayari. Binti akainua macho akaona gitaa kwenye msumari. Hakuuliza. Akaaga, akaondoka.

Shemeji alinoa muda mrefu.

Ijumaa, 28 Novemba

Shemeji amenikabidhi gitaa. Alilivusha mstari kwa mikono yote miwili. "Mpe wewe," akasema. "Nikimpa mimi utasema nimekupokonya." Kisha akaongeza, "Na usilikanyage."

Nimelilaza mezani jikoni, nimeweka karatasi: La kwako. Nilitaka kuongeza mengine. Karatasi ilikuwa na nafasi, mimi sikuwa na haki.

Jumamosi, 29 Novemba

Ameondoka.

Asubuhi nilikuta amekaa na gitaa mapajani. Alikuwa amesoma karatasi na kuigeuza, kuona kama kuna kitu nyuma. Akapitisha kidole gumba kwenye nyuzi, mara moja. Akabonyeza kile chuma cha kumi na mbili, akapiga, akaachia, akapiga, akilinganisha. Mimi nilikuwa mlangoni, kama mtoto anayesahihishiwa daftari.

"Zito kichwani," akasema.

"Ni shingo ya gitaa kubwa, kisanduku ni kidogo."

"Nimeona."

Akalifunga kwenye shuka, ile niliyokuwa nimeviringishia shingo. Nikambebea sanduku la nguo mpaka barabarani, shemeji akiwa ametangulia na kapu la vyombo. Tulisimama watatu kwenye manyunyu, na kila mmoja alikuwa akiitazama barabara. Basi lilipoonekana, mjomba wake akamshika kichwa, akambariki. Mimi nikanyoosha mkono. Hakuupokea. Lakini hakuniacha bila neno.

"Nalichukua kwa sababu ni shingo ya mama," akasema. "Siyo kwa sababu yako. Sijakusamehe. Siku nikikusamehe nitakuambia mwenyewe, usiniulize."

"Sitakuuliza."

"Hata kwa kuzungukazunguka."

"Hata kwa kuzungukazunguka."

Akapanda. Gitaa alilipakata, hakukubali liwekwe juu ya basi.

Tulirudi kwa miguu, shemeji hatua kumi mbele. Sikujaribu kumfikia.

Jumatano, 3 Desemba

Mvua zimepungua. Nyumba imekuwa kubwa. Nasali tena, kwa maneno machache. Siombi asamehe, maana huko nako ni kuuliza.

Jumamosi, 6 Desemba

Leo saa kumi alasiri simu imelia nikiwa na kiatu cha mtoto kati ya magoti. Namba yake. Nikaitikia, nikaita jina lake. Nikasikia kiti kikivutwa, kitu kikiwekwa mezani, kisha nyuzi.

Alikuwa analipiga. Ule wimbo wa polepole ambao mama yake alikuwa akiupiga akimaliza kufua. Nikabonyeza sauti ya nje, nikaweka simu juu ya soli. Randa ya shemeji ikasimama. Redio aliwanyamazisha wateja wake wawili kwa kuwaonyeshea karoti. Lile gitaa la boksi la sigara halikukohoa. Mara moja binti alikosea, akarudi nyuma, akaanza pale pale. Alipofika mwisho akakata simu. Hakusema hata kwaheri.

"Uzi wa tatu umeshuka," akasema shemeji.

"Kidogo."

"Kidogo nini! Masikio yako yamejaa gundi."

"Nimesema kidogo."

Simu ikatetema. Ujumbe. Niliufungua kwa kidole kilichojaa nta: Uzi wa tatu hautulii. Muulize mjomba nifanyeje.

Hakuna salamu mbele, hakuna nyuma. Nikausoma mara tatu. Kisha nikamgeukia shemeji nikamsomea, naye akajibu huku akirudi kwenye randa yake, bila kunitazama.

"Mwambie nyuma ya kifunguo kuna skrubu ndogo. Aikaze nusu mzunguko, polepole, akisikia ugumu aache. Asilazimishe kwa nguvu kama baba yake, mharibifu mkubwa."

Nikaandika kama alivyosema, neno kwa neno, hata hayo ya mwisho, nikatuma.